Riwaya ya kwanza: chapa nakala 150, si 1,000

Waandishi wanaojichapishia vitabu Arusha na Moshi wana ugonjwa mmoja: nakala 1,000. Mtu anamaliza riwaya yake ya kwanza, anakomba akiba, anaongezea mkopo wa kikoba, na mwezi unaofuata sebule imejaa maboksi. Kisha tunaambiwa Watanzania hawasomi. Sikubali. Kwanza tuangalie hesabu.

Mtambo wa ofseti unahitaji pleti, yaani bamba lenye sura ya kurasa zako, kabla karatasi ya kwanza haijapita, na gharama ya pleti ni ileile, uchape nakala 100 au 2,000. Ndiyo maana bei ya kila nakala inashuka kadiri unavyoongeza idadi, na ndiyo maana mchapaji anakusukuma upande huo. Mashine ya dijitali haina pleti. Chapa humo nakala 150: kila nakala itakuwa ghali kidogo, lakini hutafungia fedha kwenye maboksi. Fedha inayobaki mpe mhariri.

Sasa bei. Tuseme kuchapa nakala moja ni shilingi 6,000 nawe unauza 10,000. Duka likipokea kwa mali kauli, yaani likulipe baada ya kuuza, na kukata asilimia 30, unabaki na 7,000. Toa nauli ya kifurushi kwenye basi, toa nakala za bure za ndugu (na ndugu hawaishi), hapo huna kitu. Bei inayobeba mzigo ni kama mara mbili na nusu ya gharama ya kuchapa. Na mali kauli usiiache kiholela: peleka nakala 5, si 30, muuzaji asaini daftari, na urudi kila mwisho wa mwezi. Mwombe asiziweke dirishani penye jua, maana rangi nyekundu na ya njano kwenye jalada hupauka mapema.

Lakini kinachowakimbiza wasomaji zaidi ni gundi. Kabla ya kugundishwa, mgongo wa kitabu lazima ukwaruzwe ili gundi iingie kwenye karatasi. Fundi mwenye haraka huruka hatua hiyo, na kurasa zinaanza kudondoka msomaji akiwa sura ya tatu. Dai nakala moja ya majaribio, ifungue katikati hadi ilale, vuta ukurasa mmoja. Ukitoka, kataa kazi yote.

Angalia pia nyuzi za karatasi. Zikilala sambamba na mgongo, kitabu hufunguka vizuri. Zikikatiza, kinakuwa kigumu, na wakati wa masika karatasi ikinywa unyevu, kurasa hupinda na kuvutana na gundi. Kupima ni rahisi: kunja kipande cha karatasi hiyohiyo kwa urefu, kisha kwa upana. Mkunjo uliokaa laini ndio unaofuata nyuzi.

Kwa ukubwa wa A5, acha nafasi tupu ya milimita 20 upande wa ndani, la sivyo maneno yatazama kwenye mgongo. Kurasa 160 za karatasi ya gramu 80 ni karatasi 80, yaani mgongo wa takribani milimita 8. Msanifu wa jalada apewe kipimo hicho baada ya kurasa kupangwa, si kabla. Na programu ya kupanga kurasa ikiachwa kwenye Kiingereza, itakata maneno yetu ovyo mwisho wa mstari: “nyu-mba” inageuka “nyum-ba”. Zima ukataji huo kabisa.

ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ina tarakimu 13, na kitabu pepe kinahitaji namba yake tofauti. Haizuii wizi wa kazi; ni utambulisho tu. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, na kwa sheria ya 1999 inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo.

Zikibaki nakala 30, kusanya makosa ambayo wasomaji wameyaona, yasahihishe kwenye faili, kisha agiza nyingine 150.