Chozi wa Amani anaihitaji miti ya mrihi

Asanteni kwa habari yenu ya ndege mdogo aitwaye chozi wa Amani kupungukiwa na makazi. Ila mmeandika kana kwamba msitu wote wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, kilomita za mraba kama 420, ni kwake. Sivyo. Pale Kilifi ndege huyu hukaa hasa kwenye miti ya mrihi, juu kabisa vileleni, akidonoa wadudu na kufyonza nekta. Dume ana kichwa cha kijani kilichokolea kinachong'aa, tumbo jeupe. Mrihi ukikatwa, kubaki kwa vichaka vingine hakumsaidii. Doria za msitu zielekezwe penye mrihi kwanza! Na wenyeji wapate riziki: mradi wa Kipepeo pale Gede, ulioanza 1993, unawalipa wanaofuga vipepeo vya msitu huo. Serikali ya kaunti iuongezee nguvu, tafadhali.