Moyo ulinienda mbio kwenye feri
Mwandishi wa makala kasema moyo kwenda mbio kwa wasiwasi wataka daktari na mshauri nasaha pamoja, na amesema kweli. Mimi mapigo hayo yalinishika kwenye feri ya Likoni, Mombasa, watu tumebanana, moyo wadunda mpaka nausikia masikioni, vidole vimekufa ganzi. Nikajua ndiyo basi. Hospitali wakanipima umeme wa moyo, damu na homoni za tezi ya shingo, vyote salama. Wakaniuliza kama nina pumu (propranolol, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, haiwafai wenye pumu), wakanipa vidonge vyake. Mdundo ukatulia, hofu ikabaki palepale. Mshauri ndiye aliyenirudisha kwenye feri kidogo kidogo, nikihesabu pumzi. Ila kifua kikiuma kapimweni kwanza, jamani. Shangazi yangu alikuwa keshawasha ubani, ati ni jini.