Kinga Kwanza au Kamera? Ubishi wa Theluji Uliotufika Mbeya

Ukipita Mwanjelwa mwezi wa sita, siku zile ambazo mtu hunywa chai akiwa amekumbatia kikombe kwa viganja viwili, utayaona majaketi mazito ya mtumba yakigombewa na bodaboda wa Uyole. Mengi yana kimfuko kidogo kwenye mkono wa kushoto, na ndani kiunoni kuna kitambaa chenye mpira na vifungo ambacho wengine hukikata wakidhani fundi alikosea. Kimfuko kile ni cha kadi ya kupandia lifti ya mlimani. Kitambaa nacho huzuia theluji isipande mgongoni mtu anapoanguka. Nimevaa jaketi la namna hiyo miaka minne bila kuyajua hayo, mpaka nilipoelezwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayesoma Norway.

Januari alitutumia video kwenye kundi la familia. Amesimama kiubavu juu ya ubao wa theluji, miguu yote miwili imefungwa, anateleza kidogo hivi, halafu anatupwa kinyumenyume kama mtu aliyevutiwa mkeka. Vijana walicheka. Mama yake hakucheka. Aliandika, "Mwanangu, huko chini umevaa nini?" Jibu likaja kwamba kavaa suruali tu, na kwamba hela anayodunduliza ni ya kununua kamera ya kubandika kwenye kofia, maana "pedi ni za watoto, mama."

Kundi likagawanyika. Binamu zake wakasema kamera ni kumbukumbu na pia ni mwalimu. Wakubwa wakasema kumbukumbu ya kuvunjika mkono haihitaji kamera. Mwisho wakanitupia mimi: "Mjomba, amua wewe." Nimesoma na kuuliza kwa wiki mbili, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na jinsi watu wanavyoanguka, kwa sababu hapo ndipo ubishi wote ulipolala. Mwenye vibao viwili vya kuteleza anaweza kutanua mguu akajiokoa, na akiumia, mara nyingi ni goti. Mwenye ubao mmoja hana mguu wa kutanua. Ukingo wa ubao ulioelekea bondeni ukiuma theluji, ubao unasimama ghafla na mwili unaendelea na safari. Akiwa amelipa bonde mgongo, anakaa kwa kishindo: kifandugu kwanza, kisha kisogo. Akiwa amelitazama bonde, anapiga viganja na magoti. Na binadamu yeyote anayeanguka, awe Oslo au Ilemi, hutanguliza mikono. Ndiyo maana jeraha linalowaandama zaidi wapanda ubao, hasa wanaoanza, ni la kifundo cha mkono.

Kuhusu kifundo hicho kuna ushahidi mzuri kuliko nilivyotarajia, na umetoka Norway hukohuko. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, watu 5,029 waliokuwa wakiteleza kwa ubao Hafjell, kituo cha michezo ya theluji, waligawanywa kwa kura: nusu wakavaa kinga za vifundo vya mikono, nusu wakaenda walivyokuja. Kwenye kundi lenye kinga walioumia kifundo walikuwa 8. Kwenye kundi lisilo na kinga walikuwa 29. Kuhusu kichwa, uchambuzi uliotoka mwaka 2010 katika jarida la madaktari wa Kanada ulijumlisha tafiti kadhaa na kuonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 35, na haukuona kwamba inaongeza majeraha ya shingo, hofu ambayo watu wengi huitaja.

Upande wa pili nao hauna hoja za kubeza. Kwanza, nguvu ya pigo haipotei hewani. Kinga ngumu ya kifundo inaweza kuisogeza ikapanda kwenye mkono hadi kiwiko, na ndiyo sababu walimu wengine wanapendelea kumfundisha mtu kuanguka: kunja ngumi, pokea kwa mikono ya mbele yote, jiviringishe. Pili, kofia ina kikomo chake. Kiwango cha Ulaya cha kofia za theluji, EN 1077, huipima kwa kuiangusha kutoka kimo cha mita 1.5, yaani inafika chini kwa mwendo wa kilomita 20 hivi kwa saa. Anayejifunza akinyoosha ubao moja kwa moja kuelekea bondeni, mwendo huo anaupita kabla hajamaliza kupiga kelele. Tatu ni hoja ya ujasiri wa bandia: aliyejifunga pedi mwili mzima atajaribu asichokiweza.

Hoja hii ya tatu ilinisimamisha. Naijua kwa bodaboda wetu, ingawa kwetu imegeuka juu chini. Helmeti inasafiri ikiwa imevaliwa kwenye kiwiko tangu Uyole, ikikaribia Mafiati na trafiki akionekana, ndipo inapanda kichwani. Hapo mtu ana ujasiri wote na kinga hana. Kwa hiyo sikubali kirahisi kwamba pedi ndiyo inayozaa ujuba. Ujuba upo kabla ya pedi.

Isitoshe, hoja hiyo inasahau jambo ambalo sisi tuliokulia Rungwe tulilijua utotoni. Mvua ikinyesha tulikuwa tunateleza kwenye miteremko ya nyasi tukikalia magamba ya mgomba. Mwenzetu mmoja alikuwa akijaza kipande cha gunia kwenye kaptula, upande wa makalio. Tulimcheka sana. Lakini sisi tukishateleza mara nne au tano tulikuwa tunasimama kando tukijisugua, na yeye anaendelea mpaka jioni. Ndiye aliyejifunza kukata kona kuliko sisi sote. Sifa kubwa ya pedi kwa anayeanza ni kumpa marudio, zaidi hata ya kumwokoa na kifo. Ubao wa theluji unajifunzwa kwa kuanguka mara nyingi, na mtu ambaye kifandugu kinamwuma tangu saa nne asubuhi hana darasa tena siku hiyo. Ataanza kukaza mwili na kuinama kiunoni kwa woga, na woga huo ndio utakaomwangusha tena.

Pedi zenyewe siku hizi si magodoro. Kampuni ya Uingereza iitwayo D3O, iliyoanzishwa mwaka 1999, ilijulikana kwa mpira laini unaojikunja na mwili lakini ukipigwa ghafla unakuwa mgumu. Anayetaka kuona jambo linalofanana na hilo akoroge wanga wa mahindi, ule mweupe wa kutengenezea kastadi, kwa maji kidogo. Kidole kikiingia taratibu kinazama. Ukipiga ngumi, utadhani umepiga meza.

Sasa kamera. Hapa nilitegemea kuwa upande wa wazee moja kwa moja, na sikuweza. Binamu wana hoja ya kweli: mwanafunzi hajioni. Anadhani amenyooka kumbe amekunja kiuno, anadhani anatazama mbele kumbe anatazama vidole vya miguu. Video ya sekunde kumi, ikichukuliwa na mtu aliyesimama pembeni, humwonyesha kosa ambalo mwalimu amelisema mara ishirini bila kueleweka.

Lakini hiyo ni video ya mtu wa pembeni. Kamera aliyoitaka mpwa wangu inakaa kichwani mwake, na kamera iliyo kichwani haimwonyeshi yeye. Inaonyesha theluji, ncha ya ubao, na mikono yake ikipepea. Kwa kujifunza haina faida kubwa. Ile ya kwenye fimbo ya selfi inaweza kumwonyesha, ila inateka mkono mmoja, mkono uleule ambao akianguka anauhitaji, tena inauweka kwenye chuma.

Kuna kasoro nyingine ambayo haisemwi sana. Lenzi pana za kamera hizi hulaza mteremko. Mahali palipomtetemesha mtu magoti panaonekana kwenye simu kama uwanja wa mpira. Aliyewahi kupiga picha Mlima Kitonga kutoka dirishani mwa basi anajua: unamwonyesha mtu wa Dar, anakuuliza, "Sasa kona yenyewe iko wapi?" Mwanafunzi wa ubao naye anaposti, watu hawashtuki, na kesho anatafuta mteremko mkali zaidi ili video ionekane kuwa na kitu. Kama kuna ujasiri wa bandia wa kuogopwa, kwangu mimi ni huu. Pedi haina mtazamaji wala haihesabu waliopenda.

Mtu atanitajia Michael Schumacher, yule bingwa wa mbio za magari. Tarehe 29 Desemba 2013, huko Méribel, Ufaransa, aliumia vibaya kichwani akiwa amevaa kofia yenye kamera. Yapo maneno kwamba kamera ndiyo iliyoidhoofisha kofia, lakini hayajathibitishwa, na siyatumii. Kilicho hakika ni kwamba video hiyo iliwasaidia wachunguzi kuona kwamba hakuwa kwenye mwendo wa kupindukia. Alikuwa mtelezaji mzoefu, si mwanafunzi, kwa hiyo habari yake haimalizi ubishi wetu.

Hata mpiga picha wa pembeni ana masharti yake. Kanuni za mwenendo mlimani za shirikisho la kimataifa la michezo ya kuteleza kwenye theluji, FIS, ambazo ziliwekwa kwanza mwaka 1967, zinamtaka anayetoka juu ajihadhari na walio chini yake, na zinakataza kusimama mahali pembamba au pasipoonekana kutoka juu. Mpiga picha anayechuchumaa chini ya mwinuko ili apate pembe nzuri anavunja kanuni hiyo kwa ajili ya kiki, na kijana anayejifunza ndiye hasa asiyeweza kumkwepa.

Basi nikaandika kwenye kundi. Hela ya kwanza iwe ya kinga za vifundo vya mikono na kaptula yenye pedi za kifandugu. Kofia aikodishe pamoja na ubao, akague ufa na kamba. Magoti yanaweza kusubiri. Kamera asinunue mwaka huu, simu ya rafiki inatosha, na rafiki asimame ukingoni mahali anapoonekana. Binamu mmoja akasema mjomba amezeeka. Sikumjibu, maana ni kweli pia.

Februari ikaja video nyingine, imepigwa kutoka pembeni. Kijana anashuka, anakata kona mbili, anakaa chini puu, anainuka anacheka. Dada yangu akaitazama mara tatu, kisha akaandika, "Mbona hizo pedi sizioni?"

"Ziko ndani ya suruali, mama."

"Simama ugeuke nione."