Nyota Moja kwa Magofu ya Kaole

Mtu anayetoka Dar es Salaam na familia yake kwenda Bagamoyo siku hizi haanzi kwa kumuuliza shangazi aliyewahi kuishi huko. Anafungua simu, anatazama nyota walizoweka mtandaoni wageni waliotangulia. Kaole wameipa ngapi? Na ile gesti ya karibu na ufukwe? Safari ya kilomita sabini na kitu inaamuliwa na tarakimu moja yenye nukta katikati.

Tuwatendee haki kwanza wanaozitetea nyota hizi, maana hoja yao ni nzito. Mama anayekaanga pweza karibu na soko la samaki, au mwenye gesti ya vyumba sita katika mitaa ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, hana fedha za tangazo. Zamani jina lake lilimfikia mgeni endapo tu mwandishi wa kitabu cha watalii alipita hapo akapapenda. Leo mteja wa kawaida anamtangaza bure. Michael Luca wa Harvard, katika utafiti alioutoa mwaka 2011 kuhusu migahawa ya Seattle, Marekani, aliona kwamba nyota moja ikiongezeka kwenye Yelp, tovuti ya maoni ya wateja, mapato ya mgahawa hupanda kwa asilimia 5 hadi 9. Walionufaika ni wenye migahawa yao binafsi. Ile yenye matawi kila kona haikuguswa, kwa sababu jina lake linajulikana tayari. Kwa maneno mengine, nyota ni silaha ya mnyonge.

Lakini silaha hiyo humgeukia mnyonge huyohuyo. Gesti ina maoni manne tu, yote ya nyota tano. Anakuja mgeni wa tano, umeme unakatika usiku mzima, asubuhi anaweka nyota moja. Wastani unaporomoka hadi 4.2. Hoteli kubwa yenye maoni 500 na wastani wa 4.5 ikipigwa nyota moja kama hiyo, hata wa kulitambua pigo hayupo. Umeme umekatika mji mzima, adhabu kaibeba mmoja.

Kuna na jambo la kufuata mkumbo. Mwaka 2013, katika jarida la Science, Lev Muchnik na wenzake walieleza jinsi walivyopandikiza kura moja tu ya kuunga mkono kwenye maoni ya wasomaji wa tovuti ya habari, waliyoyachagua bila mpangilio. Mwishowe maoni hayo yakawa na alama za juu kwa asilimia 25 kuliko yale yaliyoachwa yalivyo. Kura ya kupinga, kwa upande wake, ilisahihishwa na wasomaji waliofuata. Hilo lingetufariji, ila lilitokea penye wasomaji wengi. Mahali panapopata maoni machache kwa mwaka, nani atamsahihisha wa kwanza?

Na hapa ndipo Kaole inaponiuma. Ni magofu ya misikiti miwili na makaburi ya kale, mengine yakiwa na nguzo zenye vishimo vilivyokuwa vimepachikwa bakuli za kaure kutoka China. Msikiti wa zamani zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Mtu akiandika kwamba ni mawe tu na jua kali, hajasema uongo; amepima mahali kwa kipimo cha mahali pengine. Tatizo linakuwa zito zaidi pale Caravanserai, palipofikia misafara iliyotoka Ujiji na bara yote ile. Ukimuuliza mtu amefurahia kiasi gani mahali penye kumbukumbu ya watumwa, nyota tano zina maana gani? Na nyota mbili je?

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba mahali pa historia pasikosolewe. Kibao kilichofutika maandishi ni kosa. Choo kilichofungwa ni kosa. Mwongozaji anayeruka karne tano kwa sentensi mbili naye anapaswa kuambiwa. Bila malalamiko yaliyoandikwa wazi, nani atarekebisha?

Wapo watu walioitafutia shida hii dawa nzuri, na wametoka upande usioutarajia. Marekani kuna mchezo uitwao diski gofu: unarusha kisahani cha plastiki hatua kwa hatua hadi kitue kwenye kikapu chenye minyororo. Uwanja wa Oak Grove huko California uliwekwa mwaka 1975, na tangu hapo viwanja vimesambaa, vingi vikiwa katika bustani za umma. Wachezaji huvipima kwenye tovuti ya DGCourseReview kwa visahani badala ya nyota, hadi vitano. Ila fomu haikuachi utupe alama ukimbie. Ina sehemu ya mazuri, sehemu ya kasoro, na sehemu ya mengineyo. Kisha wasomaji nao huyapigia kura maoni yenyewe: yamewasaidia au hayakuwasaidia? Mhakiki naye anahakikiwa. Uwanja unaweza kupata alama ya wastani na bado msomaji akajua unamfaa, kwa sababu ameambiwa kuna miti mingi, vibao vichache na tope baada ya mvua.

Hiyo ndiyo aina ya maoni ninayoitaka Bagamoyo. Umekwenda mwezi gani, masika au kiangazi? Ulikuwa na watoto au mzee asiyeweza kutembea sana? Ulipata mwongozaji, au ulizunguka peke yako ukitazama kuta?

Nasi wenyewe tuna sehemu yetu ya lawama. Tuna staha: mwenyeji akikukaribisha vizuri, huwezi kumwanika hadharani. Basi tunaweka nyota tano kimyakimya, kisha malalamiko yote yanamwagwa kwenye grupu la WhatsApp la familia. Staha hiyo naiheshimu, kwani kijana anayetembeza wageni anakula kwa kazi hiyo, na neno lililoandikwa halifutiki upesi. Lakini kimya chetu kinawaachia watu wa mbali kusimulia mji wetu. Tunaweza kutaja kibao kibovu bila kumtaja kijana.

Linalobaki ni lile la kuombwa nyota papo hapo, mwongozaji amesimama pembeni, simu yako ikiwa mkononi. Marekani, tangu Oktoba 2024, kanuni ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo inapiga marufuku kununua na kuuza maoni ya uongo. Kijana wa Bagamoyo hanunui kitu, anaomba. Sioni dhambi katika kuomba. Ila nyota iliyotolewa kwa kuona haya haimsaidii hata yeye, maana mgeni anayekuja baadaye anasoma tano tupu, haelewi alichosifiwa. Afadhali aombe sentensi tatu na mwezi wa safari, tena aombe wageni wakishafika nyumbani.