Risiti ninayo, taslimu sifuri

Jumatatu asubuhi, hata koti la baridi sijavua, simu ikalia mara mbili. Ya kwanza barua pepe ya mfuko wangu wa hisani hapa Minneapolis: asante kwa ukarimu wako, risiti ya kodi hii hapa. Ya pili orodha ya mjomba, mweka hazina wetu, kwenye grupu la familia: bati za madrasa kule Pangani. Namba 14, jina langu. Ahadi 500,000. Taslimu 0.

Yaani mkarimu wa saa moja kasoro ndiye mdaiwa wa saa moja kamili.

Huku kuna mifuko wanaiita DAF (donor-advised fund), yaani mfuko wa hisani ambao mtoaji anabaki kuwa mshauri. Unaweka pesa au hisa zako kwenye taasisi ya hisani inayotambuliwa na serikali, na siku hiyohiyo unahesabiwa umeshatoa. Mimi niliweka hisa za kazini zilizokuwa zimepanda bei. Kodi ya ile faida sikulipa hata senti. Mfanyakazi mwenzangu anarundika sadaka za miaka mitatu ndani ya mwaka mmoja, maana tangu 2018 kiwango cha kipato ambacho kila mtu anasamehewa kodi bila maswali kilikaribia kuongezeka maradufu, na kwa wengi sadaka ndogondogo zikaacha kupunguza kodi. Ukishaweka, kazi yako ni kushauri tu ziende wapi. Mwakani, au 2040, sheria haikukimbizi. Mifuko binafsi ya matajiri inatakiwa kutoa kama asilimia 5 ya mali yake kila mwaka. Huu wetu, hakuna.

Neno "kushauri" lilinichekesha. Kwenye kamati za harusi tunawajua washauri: ukumbi wabadilishe wao, rangi ya sare wachague wao, daftari likifunguliwa wana dharura.

Najua mnachotaka kusema. Mbeba boksi ameona theluji mbili, sasa anatufundisha sadaka. Haya, semeni. Lakini nani hamjui yule anayesimama ukumbini, anataja milioni, MC anampigia muziki, vigelegele, halafu wiki ya kukusanya simu haipatikani? Na anakuja kudai kadi ya dabo! Huku pesa ya mfuko huwezi kuilipia hata tiketi ya chakula cha hisani, kwa sababu utakuwa umefaidi sahani. Na ikishaingia hairudi, hata ukifukuzwa kazi kesho. Hapo nawavulia kofia.

Ila hiyo pesa iliyotoka kwangu imefika kwa nani? Iko kwenye soko la hisa, inanenepa. Sisi tunashangilia ahadi isiyo na pesa, wao wanatoa risiti ya sadaka isiyo na mpokeaji. Sijui nani kichaa zaidi.

Na msiniambie haya ni ya kizungu tu. Pwani wakfu tunaujua toka enzi za mababu: nyumba inafungwa, haiuzwi, kodi ya wapangaji inanunua mafuta ya taa ya msikiti. Lakini mpangaji alionekana, taa ilionekana ikiwaka. Ikizimika, mtu aliulizwa.

Nilijaribu, wallahi. Niliushauri mfuko upeleke dola 200 madrasa. Jibu likaja kwa adabu zote: hatumlipi mtu binafsi, na taasisi ya nje ya Marekani lazima kwanza ichunguzwe katiba, usajili na hesabu zake, ionekane inalingana na ya hisani ya hapa. Mjomba ana kaunta buku moja lenye jalada la bluu na namba ya simu ya kupokelea. Nimtumie fomu ya kurasa kumi na mbili? Ataniuliza kama nimerogwa.

Nilivyomweleza kwamba pesa nimeshazitoa, ila ziko mahali zinasubiri, alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo niandike nini kwenye taslimu, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Jumanne mshahara ulipoingia nikamtumia kwa simu, laki tano na ya kutolea, bila risiti, bila nafuu ya kodi yoyote. Baada ya dakika mbili orodha ikarushwa upya kwenye grupu, namba 14 imewekewa tiki. Chini yake mjomba kaandika: "Imeingia. Bati za geji 28 zimetosha. Bado misumari na usafiri."

Akanitaja jina.