Karani wa Karani

Jamani, mie kazi yangu kutembeza wageni hapa Zanzibar. Kizimbani kwenye viungo, Jozani kwenye kima punju, kisiwani Changuu kwenye kobe. Barua za wageni ndizo zilizonishinda, Kijerumani ndio kabisa, basi mwanangu akanitilia akili mnemba kwenye simu. "Baba, huyu ndiye karani wako." Nikafurahi. Karani hataki mshahara, hataki hata chai!

Siku ya kwanza tulizungumza mpaka usiku. Nikamweleza gari yangu inachukua watu 6, bei ya boti ni kadhaa, na asiniandikie "hakuna matata", mie nna umri wangu. Akatoa barua utadhani nimesoma Uingereza. Asubuhi nafungua mazungumzo mapya, namsalimu vizuri tu, ananiuliza nafanya biashara gani.

Kijana mmoja wa barazani kwetu Kikwajuni akanifahamisha. Ati hajifunzi kitu kwa maneno yangu. Kila mazungumzo mapya anaanza mtupu, anajua kile tu kilichowekwa mbele yake. Na hicho nacho kina kikomo, kinahesabiwa kwa vipande vya maneno. Hapo Kiswahili ndipo kinapoumia: neno la Kiingereza mara nyingi kipande kimoja, letu kama "tutakapowachukueni" anakatakata kama bamia. Wapo makarani wa namna hii wanaojiwekea kumbukumbu wenyewe siku hizi. Huyu wangu nilimjaribu. Katika yote niliyomwambia, alichoweka ni kwamba napenda kobe.

Basi ikawa niandike mwenyewe, kila asubuhi nimpestie. Mstari wa kwanza: mie nani. Wa pili: "Saa 2 asubuhi ya kwetu ni saa 8 ya Wazungu," kwa sababu nilishafika hotelini na gari, wageni bado wamo chandaruani, karani kawaandikia mbili yao, wanajua naja mchana. Wa tatu kautia mke wangu, Mpemba: "Pemba nayo ni Zanzibar."

Zikafika kurasa 4. Kabla boflo halijagusa chai, mie nakopi, napesti, kioo chenyewe kimepasuka, kidole kinateleza. Siku moja kurasa zote 4 zikamwendea shemegi yangu. Akajibu: "Nimesoma yote. Pesa yangu lini?"

Kobe wa Changuu, wale ambao asili yao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wameandikwa umri mgongoni kwa rangi. Yumo mwenye miaka mia na zaidi, nikishuka botini na fungu la mchicha, huyo anakuja, polepole lakini anakuja. Karani wangu, na Kijerumani chake chote, mpaka nimsomeshe kurasa 4 ndipo anijue.

Lakini lililonimaliza ni Ramadhani. Nilitia mstari: "Mchana watu wamefunga, mgeni asile mbele za watu." Haki kabisa. Mfunguo mosi ukaingia, tukala halua, mstari nikausahau pale pale ulipo. Na mie ndiye ninayempestia kila siku kwa mkono wangu! Yule asiyenikumbuka hata jina, hilo akawa halimtoki. Wiki 3 baada ya Idi bado anawaonya wageni.

Mie sina habari. Naona tu wageni wa mwaka huu wana adabu isiyo ya kawaida. Nawapitisha penye urojo, wanainamisha macho. Nawauliza kama wana njaa, wanasema hapana, kwa sauti ya mtu anayekufa. Nikadhani ni joto. Hata siku moja pale Changuu namtafuta mzee wa Kifaransa simwoni, nikamkuta kachutama nyuma ya kobe mkubwa, anatafuna biskuti kwa kificho. Aliponiona akaomba radhi. Kobe naye anamtazama.

Usiku nikazipitia kurasa zote, nikaufuta ule mstari, nikaandika mwengine kwa hasira: "Ramadhani imekwisha. Watu wanakula."

Asubuhi karani akaandika barua ya wageni wa Nungwi, mie sikuipitia, nikabonyeza tu ikaenda. Jioni mwanangu ananitafsiria, hajimudu kwa kicheko: "Tuna furaha kubwa kuwajulisha kwamba wananchi wa Zanzibar sasa wameanza kula."