Kuzificha nyaya si kuzipanga

Wiki iliyopita niliwekewa mezani kompyuta mpya hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, yenye kioo ubavuni na taa za rangi. Mwenyewe alilalamika kwamba inatoa mlio wa kukwaruza tangu siku aliyoipokea. Ukiitazama kwa upande wa kioo, huoni waya. Nikaigeuza, nikalegeza skrubu mbili za nyuma, na kifuniko kikaruka chenyewe, maana kilikuwa kinazuia rundo la nyaya zilizoshindiliwa kama nguo kwenye shanta. Mmoja ulikuwa umebanwa na ukingo wa bati hadi ganda lake limechanika na shaba inaonekana. Mwingine ulichomoza tunduni ukawa unakwaruzwa na mapanga ya feni.

Aliyeiunganisha alificha tu. Hakupanga. Na kwa sisi watu wa Amu, yaani Lamu, hilo lina gharama yake, kwa sababu kompyuta ikitoka Mombasa hupanda basi hadi Mokowe, ikavushwa kwa boti, kisha ikapita vichochoroni kwa mkokoteni au juu ya punda. Waya usiofungwa hautafika ukiwa pale ulipoachwa.

Wengi husema nyaya zifichwe ili hewa ipite. Kweli, lakini kwenye kasha pana lenye feni nzuri tofauti ya joto huwa ndogo. Mimi napanga ili kesho niweze kuchomoa kitu kimoja bila kufumua vyote. Hapa upepo wa bahari una chumvi, vichwa vya nyaya hushika kutu, na vumbi la chokaa la nyumba za mawe halikosi njia. Kompyuta itafunguliwa tu, upende usipende.

Kwa hiyo naanza na waya wa pini 8 unaopeleka umeme kwa prosesa, ubongo wa kompyuta. Huo hupita kwenye pembe ya juu kabisa, na ukiuacha mwisho, feni ya prosesa ikishafungwa, kidole hakifiki tena. Kisha ule mnene wa pini 24 wa madabodi, ile bodi kuu, ambao nauingiza kwenye tundu lililo karibu zaidi na soketi yake, usivuke madabodi. Vile viwaya vyembamba vya kitufe cha kuwashia navipanga mwisho, kwa tochi na subira. Nafunga kwa velkro. Vile vibana vya plastiki watu huvikaza mno, halafu siku ya matengenezo unaingiza mkasi katikati ya nyaya za umeme, nami nimeshawahi kuona waya mzima ukikatwa pamoja na kibana.

Tena, tafadhali sana: pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ikiwa na nyaya za kuchomoa itumie nyaya zake tu. Upande wa madabodi na diski plagi hufanana kwa kampuni nyingi, lakini upande wa pawa saplai mpangilio wa pini hutofautiana. Waya wa kuazima unaweza kuingia vizuri kabisa, ukaunguza diski na kila kilichomo.

Ile ya Langoni ilinichukua asubuhi nzima. Nilibadilisha waya uliochanika, nikatenga za umeme upande mmoja na za data upande mwingine, nikabandika vikaratasi. Mwenyewe akauliza, "Fundi, mbona wahangaika na upande usioonekana?" Nikampa kifuniko akirudishe mwenyewe. Kiliingia kwa kusukuma kidole kimoja.